Unga wa Ndagala kwa Samaki wa Zaina

Jumanne, 14 Oktoba

Kumi na wanne. Nimewahesabu kabla ya chai, nikawahesabu tena baada ya chai. Hawatulii. Ni kama kuhesabu watoto wa madrasa saa ya kutoka.

Taa ya kioo cha samaki nimewasha saa moja. Chakula asubuhi, kidogo, kama Zaina alivyoandika kwenye karatasi aliyobandika ukutani. Neno "kidogo" amelipigia mistari miwili. Chakula chenyewe ni punje za kijani, zinanuka majani yaliyolowa. Wanazimaliza kabla sijafunga kopo.

Zaina yuko Nyanza-Lac tangu juzi. Wiki tatu, na wapiga mbizi, anajifunza jinsi ya kuwatoa samaki kwenye mawe ya ziwa bila kuwaumiza. Mtoto wangu huyo. Ana lisansi ya biolojia, ya chuo kikuu. Avenue yetu nzima hakuna msichana mwingine mwenye lisansi ya biolojia. Kama yupo, mama yake hajasema, na mama gani angenyamaza?

Samaki si wetu. Ni wa patron wake wa kazini, anayewapeleka Ulaya kwa ndege, watu huko wawaweke salon, chumba cha wageni, wawaangalie. Nyumba yake ya samaki inaezekwa upya. Hawa ni wa kuzalisha, hawauzwi. Kamkabidhi Zaina awatunze nyumbani mpaka paa liishe. Wakirudi wazima, Zaina atasimamia vioo vyote vya kuzalisha. Vyote. Aliniambia hayo amesimama mlangoni, begi begani. Halafu akasema, mama, nakuachia wewe. Hakumwachia mtu mwingine.

Jumatano, 15 Oktoba

Madamu Goreti alikuja kutoka Gihosha kupima gauni ninalomshonea la arusi ya mdogo wake. Kiuno kimeongezeka, sikusema. Alikaa mbele ya kioo hata hakutaka kuinuka. Wazuri kweli hawa samaki. Weusi, na mkanda wa rangi ya chungwa katikati, kama mtu kawafunga mshipi. Nilimweleza yote, jinsi Zaina anavyowajua mmoja mmoja, jinsi patron anavyomtegemea.

Akasikiliza. Halafu akasema, "Lakini Mama Zaina, mbona wamekonda?"

Nimeumia. Nyumba hii hajawahi kuingia mgeni akasema fulani amekonda. Mume wangu, Mungu amrehemu, alikufa na kilo zake. Watoto watano wamekua hapa na hakuna aliyeonekana mbavu.

Baada ya yeye kutoka nikawaangalia vizuri. Kweli wembamba. Punje za majani. Nani anashiba majani?

Alhamisi, 16 Oktoba

Nimetwanga ndagala. Zile dagaa za ziwa letu, kavu, ndogo, nikazikaanga bila mafuta kwanza, nikatoa vichwa, nikatwanga, nikachunga mara mbili mpaka unga laini. Ndivyo nilivyowaachisha watoto wangu wote kunyonya. Kijiko kimoja kwenye uji. Zaina ndiye aliyeupenda kuliko wote, akawa anaramba sufuria, na leo ana lisansi.

Nikawatupia kidogo tu. Kidole na kidole. Walivyoruka! Maji yakanirukia usoni. Nikacheka peke yangu.

Mama Yusufu wa jirani aliingia kuazima sindano ya mashine akanikuta. Akasema, "We mwanamuke, unalisha samaki kwa samaki? Nenda basi ulishe kuku kwa kuku."

Nikamwambia kuku wake mwenyewe wanadonoa mafuta ya gari barabarani, aniachie.

Jumamosi, 18 Oktoba

Unga asubuhi, mchana na jioni. Punje za kijani nawapa pia, nisiseme nimeacha agizo.

Matumbo yameanza kujaa. Wanang'aa. Madamu Goreti alirudi kuchukua gauni, nikamsimamisha mbele ya kioo kabla hata hajakaa. Akasema, "Ah, sasa hawa wanaonekana wana mutu wa kuwalisha." Nilitaka kusikia hilo tu.

Zaina alipiga simu. Anaendelea vizuri, jua limemchoma pua. Akauliza samaki wanakula? Nikasema wanakula kama arusini. Unga sikuutaja. Atauona mwenyewe akirudi, akute wamejaa, ashangae.

Jumatatu, 20 Oktoba

Mmoja kasimama pembeni, nyuma ya bomba la hewa. Hatembei na wenzake. Nikatupa unga, akaja, akachukua, akatema. Akachukua tena, akatema.

Labda ameshiba.

Jumanne, 21 Oktoba

Wanne sasa. Wanatema chakula. Wamesimama juu karibu na uso wa maji, wanapumua haraka haraka, mashavu yanafunguka na kufunga. Rangi imefifia, ule mkanda wa chungwa umekuwa kama kutu. Na matumbo bado makubwa. Siwaelewi. Mgonjwa hukonda. Hawa ni wagonjwa na wamenona.

Nilimpigia Zaina saa nne. Nikamtumia na video kwa simu, picha ikirukaruka, akasema mama, shika kwa mikono miwili. Maswali yake kama ya daktari. Maji ya bomba niliyaacha siku nzima kwenye bidoni kabla ya kuyatia? Ndiyo. Umeme ulikatika? Jumapili, kwa saa mbili hivi. Nimepuliza dawa ya mbu salon? Apana. Umewapa nini kula?

Nikasema, "Kile ulichoacha."

Limetoka lenyewe. Hata sikulifikiria. Nilikuwa nimelishika kopo la unga mkononi.

Amesema basi itakuwa maji, hewa ilipungua umeme ulipokatika. Nibadilishe maji theluthi moja, nitie chumvi kiasi alichonitajia, nisilishe leo. Nimefanya yote. Nimepiga magoti na bidoni mpaka mgongo umekataa.

Jumatano, 22 Oktoba

Asubuhi mmoja amelala juu ya mchanga, ubavu. Nikagonga kioo. Nikagonga tena.

Kumi na watatu.

Nimemfunga kwenye kitambaa cha bitana nikamzika nyuma, karibu na bomba. Mama Yusufu akachungulia juu ya ukuta. "Kwa kweli unamuzika? Tumbo lote lile? Lete nikaange na pilipili." Kawaida ningemjibu. Leo niliendelea kufukia, naye akaona. Akapita mlangoni, akanisaidia kubeba maji, hakusema tena kitu cha mzaha. Ana mdomo Mama Yusufu, lakini ana mikono pia.

Nimebadilisha maji tena. Sioni tofauti.

Sijawapa unga tangu jana. Najua kwa nini sijawapa. Sitaki kuandika.

Alhamisi, 23 Oktoba

Kumi na wawili. Wa pili alikuwa yule mkubwa, aliyekuwa anafukuza wenzake. Sasa waliobaki hawana wa kuwafukuza, na hata hivyo hawatembei.

Zaina alipiga asubuhi mapema kabla ya mtumbwi wao kuondoka. Akauliza, mama, kinyesi chao rangi gani? Nimezaa watoto watano, nimeulizwa swali hilo mara nyingi, lakini si la samaki. Nikaenda nikatazama. Cheupe. Kama uzi mweupe mrefu unaning'inia, haukatiki. Nikamwambia.

Nilisikia mawimbi.

Akasema huo ni ugonjwa wa tumbo. Si maji. Akauliza tena, polepole, "Mama, wamekula nini? Kitu chochote. Hata mukate."

Nikasema, "Zaina, mama yako anajua kusoma. Nimefuata karatasi."

Mara ya pili. Na hii ya pili nilikuwa nimeifikiria.

Basi, anasema, kama ni hivyo kosa liko kwenye zile punje. Punje zinasagwa na Evariste, mwenzake kazini, baba wa watoto watatu. Namjua, alikuja hapa na kioo begani, akala isombe yangu ya majani ya muhogo sahani mbili. Zaina anasema labda Evariste ametia unga wa samaki kwenye mchanganyiko kwa uvivu, na samaki hawa hawavumilii hiyo. Utumbo wao mrefu sana, umeumbwa kwa ukoga wa mawe. Nyama inakaa ndani inaoza, wadudu wa tumbo wanaamka. Kesho mchana atampigia patron amwambie.

Halafu akasema, "Pole mama. Najua unateseka peke yako."

Nilikata simu nikakaa chini.

Unga wa samaki. Evariste. Na kopo langu liko pale juu ya mashine, kifuniko chekundu, linaniangalia.

Sikushona kitu leo.

Ijumaa, 24 Oktoba

Nimemwambia.

Nilitaka kumwambia baada ya sala ya Ijumaa. Nikaona nikisubiri sala nitasubiri na Jumatatu, na Evariste atakuwa ameshapoteza kazi. Nikampigia saa mbili asubuhi. Nikasema, Zaina, usimpigie patron. Ni mimi. Ni unga wa ndagala, mara tatu kwa siku, tangu Alhamisi ya wiki iliyopita. Nimekudanganya mara mbili.

Sikuongeza maneno. Mimi ni mtu wa maneno lakini yaliisha.

"Kwa nini, mama?"

"Goreti alisema wamekonda."

Halafu nikasikia anavuta kamasi, sijui alikuwa analia au anacheka, na yeye sidhani alijua. Akasema, "Mi nilikuwa nawaza nimesoma bure. Siku tatu natafuta ugonjwa, nao uko kwenye kopo lako." Akasema, "Mama, hao si watoto wako." Akasema, "Chukua kalamu."

Hilo ndilo nitakalolikumbuka. Hakunigombeza. Alisema chukua kalamu.

Metronidazole. Nikaandika, kumbe ni dawa ya amiba, vile vidonge ambavyo mtaa wetu wote wa Buyenzi tumevimeza. Nilivijua kwa ladha kabla ya jina. Kidonge cha mia mbili hamsini kimoja kwa lita arobaini, kioo chetu lita mia mbili, basi vitano. Kuvisaga, kuvikoroga kwenye maji vugu vugu, kuvimwaga taratibu pale hewa inapotoka. Kesho kutwa kutoa robo ya maji, kutia mapya yaliyolala, kurudia dawa. Mara tatu. Taa izimwe. Kioo kifunikwe. Hewa iongezwe. Na chakula, hakuna. Hakuna hata punje moja mpaka aseme yeye.

Kule farmasi dada anayeuza dawa akaniuliza nani mgonjwa. Nikasema kumi na wawili. Akashtuka, akataka kuniita ndani. Nikamweleza. Akacheka, kisha akaniuliza kama samaki hao wameandikiwa na daktari. Nikasema ndiyo, daktari ni binti yangu.

Hata leo nimejisifu. Sijui nitaacha lini.

Kopo la unga nimempa Mama Yusufu, kwa uji wa wajukuu wake.

Jumamosi, 25 Oktoba

Wa tatu amekufa. Zaina alikuwa ameniambia anaweza kufa mmoja au wawili bado, wale waliokwisha kuharibika ndani. Kujua hakusaidii.

Kumi na mmoja. Nimewafunika kwa kitenge changu cha bluu. Naweka sikio kwenye kioo. Nasikia hewa tu.

Jumapili, 26 Oktoba

Dawa ya pili. Mama Yusufu alibeba bidoni mbili, mimi mbili. Nilipoinua kitenge wakanikimbilia wote mbele ya kioo, midomo juu, wananiangalia. Wana njaa.

Nimelea watoto watano. Hakuna aliyeniangalia hivyo nikageuka. Leo nimegeuka. Nimeshusha kitenge nikaenda kukata maharagwe nje, nikalia kwenye maharagwe, na Mama Yusufu akanikuta.

Akasema, "Lakini wamekukimbilia."

Nikasema ndiyo, na mi siwezi kuwapa.

Akasema, "Apana, sikiliza. Juzi walikuwa hawakimbii."

Nikatupa kisu. Kweli. Mgonjwa haombi. Wanaoomba ni wazima.

Jumanne, 28 Oktoba

Dawa ya tatu, ya mwisho. Matumbo yamerudi. Uzi mweupe siuoni, natazama kila saa, sijawahi kutazama kinyesi kwa mapenzi kiasi hiki tangu Zaina alipokuwa na miezi mitatu.

Bado siwapi chakula. Nafuata agizo. Zaina anapiga mara tatu kwa siku na mara zote tatu anauliza, "Hujawapa kitu?" Zamani ningesema unanidharau. Ana haki.

Alhamisi, 30 Oktoba

Umeota ukoga mwembamba kwenye kioo cha nyuma, wa kijani. Nilitaka kuufuta, mgeni asione uchafu. Nikampigia kwanza. Akasema, mama, usiguse, hicho ndicho chakula chao.

Na saa kumi nikawaona. Mmoja akageuka ubavu, akabandika mdomo kwenye kioo, akakwangua. Kisha mwingine. Kisha sita, saba, wamepanga mstari, wanakwangua kama wanawake wanavyosugua masufuria. Wembamba, wepesi. Mshipi wa chungwa umerudi.

Hivyo ndivyo walivyo wakiwa wazima. Wamekonda. Nimekubali.

Jumapili, 2 Novemba

Amerudi. Mweusi kama chungu, pua imebambuka. Hakuweka begi chini. Alienda moja kwa moja kwenye kioo akapiga magoti.

Nilimwacha. Nikasimama jikoni, nimeshika mwiko, sina ninachokoroga.

Alihesabu kwa kidole. Kumi na mmoja, mara mbili. Akaniuliza nilipowazika wale watatu, nikamwonyesha. Akasimama pale kidogo. Nilitaka kumwomba msamaha kwa maneno mazuri, niliyapanga tangu Jumatano. Nikasema tu, nisamehe mwanangu.

Akasema ameshanisamehe tangu Nyanza-Lac, lakini mambo ya kazi hajui. Patron hajaambiwa bado. Alitaka aone kwanza wangapi wako hai.

Jumatatu, 3 Novemba

Nimekwenda naye Kigobe kwa patron. Zaina hakutaka. Nikamwambia nimedanganya kwa mdomo wangu, nitasema kweli kwa mdomo wangu.

Nilivaa gauni la arusi ya dada yangu. Patron ni mzee mnyamavu, mwenye miwani ya kamba. Evariste alikuwepo, akanisalimia kwa furaha, akaulizia isombe. Nikaona aibu mpaka masikioni.

Nikasema mbele yao wote. Unga, mara tatu, uongo mara mbili, na kwamba huyu baba wa watu alikuwa karibu kusingiziwa. Patron akamgeukia Zaina, akamuuliza alifanya nini. Zaina akaeleza dawa, kipimo, giza, siku. Kwa simu, kutoka ziwani, bila kuwaona. Mimi, pamoja na aibu yangu, bado nilitaka kumpiga patron kiwiko nimwambie, unamsikia?

Patron akasema watatu ni hasara, na yule dume mkubwa hapati mwingine kama yule upesi. Akasema kuponya kumi na mmoja wa ugonjwa huo si kawaida, yeye mwenyewe hupoteza zaidi ya nusu. Vioo vya kuzalisha hampi leo. Hawa wakae kwetu mpaka mwisho wa mwezi. Wakirudi kumi na mmoja, wanakula, basi atampa.

Njiani Evariste alinifuata mpaka barabarani. Akasema, "Mama, ungenyamaza ningefukuzwa." Nikasema najua. Akasema, "Basi sikudai kitu kingine, mi nakudai isombe tu." Aje Jumapili.

Ijumaa, 14 Novemba

Kumi na mmoja. Zaina analisha, mimi nahesabu. Mgawanyo mzuri.

Madamu Goreti kaleta kitambaa kingine. Akatazama kioo, akaanza, "Mbona wame..." Nikamwambia ainue mikono nipime kifua.

Jumamosi, 29 Novemba

Wamekuja kuwachukua. Evariste na Zaina, mifuko ya plastiki, chupa ya hewa. Kila samaki mfuko wake, wanapuliza hewa, wanafunga kwa mpira, wanalaza ndani ya sanduku. Zaina ana mikono myepesi. Kawapata kumi bila hata kurusha maji.

Kwa wa kumi na mmoja Zaina akasita. Akaniita. Jike dogo limekaa pembeni peke yake. Koo limevimba. Zaina alipotupa punje, halikuja.

Nikasema Wallahi sijampa kitu. Mama Yusufu shahidi.

Zaina akacheka, akanishika mkono, akanisogeza karibu. Akasema nitazame si tumbo, ni koo. Tazama anavyotafuna bila kula. Ana mayai mdomoni. Hivyo ndivyo wanavyolea, mama anawabeba kinywani wiki nne mpaka watoke wanaogelea, na muda wote huo hali, au anadonoa tu. Ukimsumbua anawatema. Hawezi kusafirishwa.

Akampigia patron. Sauti ilikuwa juu, nikasikia mwenyewe. Patron akauliza wengine wakoje. Kumi, wazima, wanakula. Akasema basi Jumatatu Zaina aanze kwenye vioo. Na huyo jike, akasema, mwachie mama yako.

Zaina akageuka kuniangalia. Nikasema sawa.

Jumanne, 2 Desemba

Zaina katoka saa moja na nusu, ufunguo wa nyumba ya samaki shingoni. Mvua ya asubuhi, imekatika.

Nimeshona mikono miwili ya blauzi. Mashine nimeisogeza mbali na kioo, isimtikise. Yuko kwenye kona yake, nyuma ya jiwe. Mara moja moja anatafuna, anawageuza wanawe mdomoni, anatulia.

Hali chochote. Nimekaa naye mpaka adhuhuri, sikumpa kitu.